Shule ya Mtaani na Wawakilishi Wake: Nani Aulizwe?

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hata hivyo, kumuuliza asiyehusika ni kujichosha bure. Mzazi aonaye paa la darasa la chekechea likivuja huenda kwa mbunge, akarudishwa na jibu kuwa hilo ni jambo la kaunti. Masika hupita, na watoto wangali wanalowa.

Chanzo cha mkanganyo huu ni mgawanyo wa majukumu katika Katiba ya 2010. Jedwali la Nne liliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi, za upili na vyuo vikuu zilibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo, ua mmoja waweza kuzingira madarasa yenye wenyewe wawili. Kuhusu chekechea, wa kuulizwa ni mwakilishi wadi, kwa kuwa bunge la kaunti ndilo huidhinisha bajeti ya kaunti na kukagua matumizi yake. Kuhusu shule ya msingi na ya upili, ni mbunge. Mwakilishi wa wanawake naye huketi katika Bunge la Taifa kwa niaba ya kaunti nzima, ilhali seneta hutetea mgao wa fedha za kaunti.

Je, wawakilishi hao watajulikanaje? Kenya ina kaunti 47, maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Ufunguo ni wadi, kwani kila wadi imo katika eneo bunge moja, na kila eneo bunge katika kaunti moja. Shule nyingi za msingi za umma ni vituo vya kupigia kura. Kabla ya uchaguzi mkuu, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka huchapisha orodha ya vituo hivyo katika Gazeti Rasmi la Serikali, pamoja na wadi, eneo bunge na kaunti ya kila kimoja. Aidha, afisi ya tume hiyo katika eneo bunge na afisi ya chifu zaweza kumwelekeza mwananchi.

Tahadhari ni moja. Kinachozingatiwa ni ardhi ambamo shule imesimama, wala si kijiji atokacho mwanafunzi. Mzazi apigaye kura ng'ambo ya mpaka hana kura dhidi ya mwakilishi wa shule hiyo. Hata hivyo hajanyimwa sauti: Kifungu cha 119 humpa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 humpa haki kama hiyo katika bunge la kaunti. Ajuaye mlango wa kubisha hasubiri mvua nyingine.