KUSHIBA, KUKINAI NA KURIDHIKA KATIKA KIINGEREZA

Mgeni aliyealikwa kula kwa Mwingereza, akiisha kutosheka, hutafuta neno la kusema "nimeshiba". Wako wanaojibu kwa furaha, "I am fed up." Hudhani hawakukosea, kwa sababu "fed" ni kulishwa na "up" ni juu, basi mtu huyo amelishwa mpaka juu. Kumbe maana yake ni "nimechoshwa, sitaki tena", na mwenyeji aliyepika tangu asubuhi huduwaa.

Mwingine, aliyesoma zaidi, husema "I am satiated." Hilo si tusi, lakini ni neno la vitabuni, tena mara nyingi lina harufu ya kupita kiasi. Aliye "satiated" amekula hata hamu imemwisha, na kijiko kimoja zaidi huenda kikamchafua moyo. Mezani yatosha kusema "I have had plenty, thank you". Na watu waliozoeana husema "I am full" bila haya.

Kitenzi hiki "satiate" kimetokana na neno la Kilatini "satis", yaani "ya kutosha". Liko na neno fupi zaidi, "sate", litumikalo kwa njaa, tamaa, hata hamu ya kujua habari. Kiu kwa kawaida ina kitenzi chake, "quench", kama vile Waswahili wasivyosema kushiba kiu bali kukata kiu. Ajabu ni neno "sad". Zamani sana katika Kiingereza lilikuwa na maana ya mtu aliyeshiba. Baadaye likawa mtu mzito, aliyechoka. Na kufika karne ya 14 lilikwisha kuwa na maana ya mwenye huzuni. Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiingereza, hata leo husema "satt" kwa aliyeshiba.

Msomaji asiwacheke Waingereza kwa safari hiyo ya neno, maana Kiswahili nacho kina "kinai". Mtu aliyekinai ni yule anayeridhika na alicho nacho, na hiyo ni sifa njema. Lakini aliyekinai wali ameula hata umemchukiza. Kwa sababu hiyo anayefasiri "satiate" mara nyingi atapata maana yake katika "kinai" kuliko katika "shiba", kwa kuwa "shiba" ni neno lisilo na lawama: marafiki hushibana, na ardhi baada ya mvua ya masika hushiba maji. Ardhi hiyo Mwingereza huiita "saturated", neno la ukoo ule ule wa Kilatini.

Lililo kubwa zaidi ni "satisfy", kwa kuwa ndilo lijalo katika barua. Limeundwa kwa "satis" na kitenzi cha Kilatini cha "kufanya": kufanya yatoshe. Tuseme mkulima ameomba mkopo, akajibiwa kwamba wakubwa "are not satisfied that the applicant owns the land". Karani akimsomea, "Hawakuridhika nawe", mkulima hudhani amechukiwa. Hukunja barua, akarudi shambani, na msimu ukapita bila mbegu. Barua haikusema hivyo. Ilisema kwamba ushahidi alioleta haujatosha kuwahakikishia kuwa shamba ni lake. Huenda angaliitafuta hati yake ya shamba na kuipeleka, shauri lingaliendelea.

Karani na atazame neno linalofuata. "Satisfied with" ni kuridhika na kitu au kazi ya mtu. "Satisfied that" ni kuwa na hakika ya jambo, liwe zuri au baya. Hakimu aweza kuwa "satisfied" kwamba mtu ameiba, wala hakufurahi hata kidogo.

Deni nalo huwa "satisfied", maana yake limelipwa lote, na aliyelipa adai kuandikiwa hivyo. Hata neno "assets", lijulikanalo sana na makarani wa hesabu, lilipitia Kifaransa cha kale kutoka katika "satis" hiyo hiyo: mali ya marehemu iliyotosha kulipa madeni yake.