Maji ya Segama na Homa Isiyopewa Jina

Mbio zilikwisha siku za kwanza za Septemba 2000, na wanariadha wakapanda ndege kurudi makwao. Walikuwa 304, katika timu za watu wannewanne, na kwa karibu wiki mbili walikuwa wamehangaika katika msitu wa Sabah, upande wa Malaysia wa kisiwa cha Borneo. Mashindano hayo, Eco-Challenge, hayakuwa na uwanja. Timu ilisonga mbele kwa kila njia: kwa miguu msituni, kwa baiskeli milimani, kwa kayaki, kwa kuogelea, kwa kupanda miamba na kupenya mapangoni. Mbio za aina hii humwacha mtu na usingizi wa kuibia, nguo mbichi na miguu iliyochunwa na miiba. Uchovu baada ya hapo si ajabu. Ajabu ni kwamba wiki moja baadaye baadhi yao walikuwa vitandani na homa kali, wakitetemeka kwa baridi, vichwa vikiwapasuka na misuli ikiwauma.

Daktari aliyempokea mmoja wao, katika mji wake, alimwona mgonjwa mmoja tu. Mafua yangetosha kuieleza homa ile, au malaria, kwa kuwa mtu alitoka nchi za joto. Lakini katika siku zilezile chache taarifa zilianza kuingia CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kutoka idara ya afya ya Idaho, kutoka Los Angeles, na kutoka GeoSentinel, mtandao wa kliniki zinazohudumia wasafiri. Zilipowekwa pamoja, jambo moja lilijitokeza: wagonjwa wote walitoka Sabah, na wote walishiriki mbio zile.

Uchunguzi uliofuata ulitegemea sana maswali. Wataalamu walifanikiwa kuzungumza na wanariadha 189, wagonjwa na wazima, wakiwauliza mambo ambayo mtu yeyote angeweza kuyajibu: ulipita wapi, uliogelea mto gani, ulikatwa ngozi, ulitumia dawa gani kabla ya safari? Kati yao, 80 walikuwa na ugonjwa uliolingana na ule uliokuwa ukitafutwa, sawa na asilimia 42. Waliolazwa hospitali walikuwa 29. Hakuna aliyefariki. Majibu ya wagonjwa yalipolinganishwa na ya wazima, jina la mto mmoja likajitenga: Segama. Walioogelea humo walikuwa na hatari mara mbili ya wale ambao hawakuogelea. Wagonjwa 38 walipimwa damu, na 26 wakakutwa na kingamwili dhidi ya bakteria wanaoitwa leptospira.

Ugonjwa wenyewe kitaalamu ni leptospirosisi. Tanzania tunaujua zaidi kama homa ya mgunda.

Leptospira ni bakteria mwembamba mno, aliyejisokota kama skrubu, na ncha zake zimepinda. Unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya maikromita, kwa hiyo hata hadubini ya kawaida ya zahanati haimwonyeshi vizuri; huhitajika hadubini yenye mwanga maalumu. Makao yake ni figo za wanyama. Panya ndiye anayejulikana zaidi, lakini ng'ombe, nguruwe, mbwa na wanyama wa porini nao wamo. Panya mwenye leptospira haonekani mgonjwa. Anakula, anazaa, na kila anapokojoa anawamwaga bakteria ardhini.

Jua likichoma na udongo ukikauka, bakteria hao hufa. Lakini katika udongo mbichi au maji vuguvugu yaliyotulia huweza kuishi kwa wiki, hata miezi. Hapo ndipo mvua inapoingia. Mkojo uliotapakaa kwenye mashimo, vichaka, mazizi na majalala husombwa na maji na kupelekwa mabondeni, mitoni na madimbwini. Mtu aliyekuwa mbali na panya anakutana na mkojo wa panya pasipo kumwona panya mwenyewe. Bakteria huingia kupitia mchubuko, au kupitia utando laini wa macho, pua na mdomo. Ngozi iliyolowa kwa saa nyingi hulainika na kupasuka kirahisi, na mwanariadha aliyeshinda majini huku miguu ina mikwaruzo ameacha milango mingi wazi.

Tukio jingine, miaka miwili kabla ya Sabah, lilionyesha jinsi mvua inavyohusika. Juni 1998, katika mji wa Springfield, jimbo la Illinois, wanariadha 876 walishiriki mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia. Sehemu ya kuogelea ilikuwa ziwani, na mvua kubwa ilikuwa imetangulia. Wachunguzi waliwapata 834 kati yao. 98 walikuwa wameugua. Waliomeza maji ya ziwa, hata fundo moja, walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Kisha wachunguzi wakawapima pia wakazi 248 wa eneo hilo waliokuwa na dalili, watu ambao hawakushindana popote. Kumi na wanne wakakutwa na ugonjwa uleule.

Hao 14 ndio wanaonifikirisha kuliko wanariadha. Bila mashindano, nani angewapima? Kila mmoja angeumwa kwake, kwa siku yake, na kupona au kuzidiwa bila homa yake kupata jina. Mbio hazikuuleta ugonjwa ziwani wala Segama. Zilichofanya ni kuuweka wazi, kwa sababu ziliwaingiza watu wengi katika maji mamoja, kwa tarehe inayojulikana, kisha zikawarudisha mahali ambako homa hiyo haikuwa jambo la kawaida. Homa ilipotokea, ilionekana. Mkulima wa mpunga hana bahati hiyo. Yeye huingia majarubani leo, kesho na keshokutwa, msimu mzima; hakuna siku moja ya kuinyooshea kidole. Na homa yake inatokea katikati ya homa nyingine nyingi, zote zikifanana.

Ugumu huu ni wa zamani. Mwaka 1886 daktari Mjerumani, Adolf Weil, alieleza ugonjwa wenye homa, macho ya manjano na figo kushindwa kazi, lakini hakujua chanzo chake. Mwaka 1907 Mmarekani Arthur Stimson alichunguza figo za mgonjwa aliyedhaniwa kufa kwa homa ya manjano, akaona viumbe vyembamba vilivyopinda kama alama ya kuuliza, naye akaviita kwa Kilatini jina la kuuliza, interrogans, ambalo spishi hiyo inalo hadi leo. Alikuwa ameliona jibu ndani ya ugonjwa uliopewa jina lisilo lake. Fumbo lilifumbuliwa Japani, katika kisiwa cha Kyushu, ambako wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakiugua. Ryokichi Inada na Yutaka Ido walichukua damu ya wagonjwa, wakawadunga wanyama wa maabara, na kati ya 1914 na 1915 wakampata bakteria. Mwaka 1917 Ido na wenzake wakaonyesha kwamba panya ndiye anayembeba. Wachimbaji wa migodi, askari wa mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakata miwa, wasafisha mifereji, wakulima wa mpunga: orodha ya wagonjwa wa karne nzima ni orodha ya watu ambao riziki yao iko ndani ya maji na tope.

Kwetu, utafiti uliofanywa Moshi kati ya 2007 na 2008, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, ulionyesha ukubwa wa tatizo. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walifuatiliwa kwa vipimo makini. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Malaria iliyothibitika kuwa ndiyo chanzo cha homa ilikuwa asilimia 1.6. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa na ugonjwa mmojawapo wa aina hiyo, na homa ya mgunda ilikuwamo kwa sehemu kubwa. Moshi si sehemu yenye malaria nyingi, kwa hiyo hesabu hizi haziwezi kuhamishiwa Kigoma au Lindi zilivyo. Hata hivyo zinaonyesha kwamba neno malaria linaweza kufunika ugonjwa mwingine kabisa, ambao dawa za malaria haziugusi.

Julai 2022 ilikuwa zamu ya Ruangwa, mkoani Lindi. Watu walipata homa, maumivu ya kichwa, uchovu, na baadhi wakatokwa damu puani. Damu puani ilizua hofu ya Ebola na Marburg. Vipimo vya magonjwa hayo vikasema hapana. Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda. Wagonjwa 20 walihesabiwa, watatu wakafariki. Wakati huo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilikuwa kimechunguza leptospira wa panya na mifugo kwa miaka mingi, hata aina mojawapo ikapewa jina la Sokoine. Ujuzi ulikuwepo nchini, ila safari ya kutoka maabara hadi dirisha la zahanati ni ndefu. Duniani kote, makadirio yaliyotolewa mwaka 2015 yanasema ugonjwa huu huwapata watu wapatao milioni moja kila mwaka na kuua karibu 59,000.

Je, kuna dawa? Zipo, na si ngeni. Leptospira hufa kwa antibaiotiki zinazopatikana katika hospitali nyingi, kama doksisaiklini na penisilini, hasa tiba ikianza mapema, kabla figo, ini na mapafu hayajaathirika. Kuna hata kinga ya muda. Mwaka 1982 askari 940 wa Marekani waliokwenda mafunzo ya msituni nchini Panama waligawanywa: wengine walipewa doksisaiklini mara moja kwa wiki, wengine kidonge kisicho na dawa. Waliougua katika kundi la pili walikuwa 20. Katika kundi la dawa aliugua mmoja. Huko Sabah wanariadha 20 walisema waliitumia, na hatari yao ilionekana kupungua, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo mno kuthibitisha. Kwa askari anayekaa msituni wiki chache tu mpango huo una maana. Kwa mama anayepandikiza mpunga miezi na miezi, kumeza antibaiotiki kila wiki si jambo la kujiamulia dukani, na mjamzito hapaswi kuitumia dawa hiyo bila daktari.

Kwake kinga ni ile ya kazi na nyumba. Gambuti husaidia unaposafisha mfereji au kuondoa tope la mafuriko ndani. Jarubani zinakwama, na anayepandikiza huzivua, kwa hiyo kilichobaki ni kufunika kidonda kabla ya kuingia na kuoga kwa maji safi baada ya kutoka. Nafaka ihifadhiwe mahali ambapo panya hawaifikii. Takataka zisilundikane karibu na nyumba. Maji ya mafuriko yasinywewe wala kusukutuliwa, na watoto wasiyafanye bwawa la kuogelea, hata kama joto limezidi.

Kinga hizi zote hupunguza hatari tu, kwa hiyo kuna siku homa itakuja. Hapo ndipo uchunguzi wa Sabah unapomfaa mtu asiyejua kayaki ni nini. Ugonjwa huu huchukua siku 2 hadi 30 kujitokeza, mara nyingi 5 hadi 14. Hadi homa inafika, mafuriko yamekwisha kupungua, tope limeoshwa, na mgonjwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kuvuka mto. Dalili za mwanzo hazitofautiani sana na za malaria, ingawa maumivu makali ya misuli ya mashavu ya miguu na macho mekundu yasiyo na tongo ni vidokezo vizuri. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukipungua au mgonjwa akikohoa damu, ni hali ya dharura. Vipimo vya kingamwili navyo vinaweza kusema hapana siku za kwanza, kwa sababu mwili bado haujatengeneza kingamwili za kutosha.

Kwa hiyo ukifika zahanati na homa msimu wa mvua, kubali kipimo cha malaria. Kina umuhimu wake, na malaria bado inaua. Kisha, hata kabla hujaulizwa, mweleze mhudumu habari za maji: niliingia bonde gani, siku gani, nilikuwa na kidonda, nyumbani kuna panya, ng'ombe wangu wametupa mimba. Kama kipimo cha malaria kimesema hapana, maneno hayo yanaweza kumfanya aanze antibaiotiki leo badala ya kukurudisha nyumbani na dawa ya maumivu. Hayagharimu hata senti moja, na hakuna maabara inayoweza kuyasema kwa niaba yako.