Je, Wajua Protoni Nazo Huzurura?

Mwezi Mei, mvua zikishakatika na mpunga ukiwa haujavunwa wote, anayekaribia Kibaoni akiwa ameipa kisogo Hifadhi ya Katavi huona vumbi kabla ya kuona ng'ombe. Kundi la Msukuma mwenye mali likipita, hakuna anayehesabu walio katikati. Pale ni wingu tu la migongo na pembe. Macho ya mwenye shamba yako pembeni, kwa wale watatu wanne walioachana na wenzao wakaanza kunusa mpunga. Hao ndio wanaofikisha watu ofisi ya kijiji.

Wanafizikia nao wana kundi la namna hiyo, ila mifugo yao ni protoni.

Mashine za kuongeza kasi ya chembe huzisukuma kwa umeme ndani ya bomba lililonyonywa hewa. Ndogo zake tunazo: tangu 2018 Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, inatibu kwa LINAC, ambayo hurusha elektroni zigonge kipande cha metali na kutoa mionzi ya kuua uvimbe. Kubwa kuliko zote, LHC, imefukiwa chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, duara la kilomita 27.

Protoni zote zina chaji chanya, kwa hiyo hazipendani; zinasukumana njia nzima. Sumaku huzibana zisitawanyike, kama wachungaji wenye fimbo pande zote, lakini chache huponyoka na kufanya pindo jembamba kuzunguka mwali, yaani kundi lenyewe la protoni. Pindo hilo likigusa ukuta wa bomba, metali yenyewe huanza kutoa mionzi, na fundi hawezi tena kuisogelea. Huko Oak Ridge, Marekani, mashine ya SNS iliyoanza kazi 2006 ilisanifiwa kubeba mwali wa wati milioni 1.4. Upotevu waliojiruhusu? Wati 1 hivi kwa kila mita ya bomba. Mwanga wa tochi ndogo.

Hesabu ya namna hiyo haisubiri bomba lijengwe. Kompyuta kubwa huigiza safari ya protoni milioni 100 au zaidi, na kila moja ina namba sita: tatu za mahali ilipo, tatu za mwendo wake. Namba moja ikichukua baiti 8, picha ya nukta moja ya wakati ni gigabaiti 4.8. Safari nzima ina mamia ya nukta hizo. Ukichora kila protoni kama kitone, skrini inajaa weupe mtupu. Ukichora wastani, pindo linafutika, na pindo ndilo lililokuleta.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kwan-Liu Ma wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzake, wakishirikiana na wanafizikia wa maabara ya Lawrence Berkeley, waliamua kutowatendea wote sawa. Sanduku lenye chembe hukatwa vipande vinane. Kipande chenye msongamano hukatwa tena vinane, na kuendelea. Sehemu zilizoshonana huchorwa kama moshi unaopenyeka kwa macho. Zilizo na chembe chache huachiwa vitone vyake, kimoja kimoja. Kwangu mimi, ufundi wote uko hapo: kujua nani wa kumfanya vumbi na nani wa kumtazama usoni.

Mahali peke yake hapatoshi, lakini. Ng'ombe aliyesimama pembeni akiwatazama wenzake si sawa na aliyeelekeza pua kwenye mpunga, hata kama wamekanyaga mstari uleule. Ndiyo sababu mtazamaji hubadilisha mihimili: badala ya urefu, upana na kimo, anachora mahali dhidi ya mwendo. Mwali ulioonekana tufe tulivu unaweza kutoa mikia miwili iliyojipinda kama herufi S. Protoni za kwenye mikia hiyo bado ziko ndani ya bomba, hazijagusa kitu. Baadhi yake pua zimeshaelekea ukutani.