Mpapindi na Mkindu: Miti ya Kuotesha kwa Mbegu, Pemba hata Maguu



Swali limefika ofisini kutoka kwa mwanachama mwenzetu ambaye nduguye amehamia Maguu, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Nduguye anaomba apelekewe mbegu za mti wowote wa jamii ya mnazi utakaostahimili baridi ya huko, apate kuupanda uani kwake. Mnazi wenyewe haufai, maana unataka joto la pwani mwaka mzima.

Jawabu lake tumeona tulichapishe hapa ili lisomwe na wote. Katika miti miwili tutakayoitaja, mmoja ni wa kisiwa hiki hiki, hauoti porini popote duniani ila Pemba, na ni wachache miongoni mwetu waliokwisha upanda.

Maguu ni mahali gani

Maguu iko Umatengo, nchi ya milima iliyo juu ya Ziwa Nyasa. Ziwa lenyewe liko kiasi cha mita 470 juu ya usawa wa bahari, na ufukoni kwake ni joto. Lakini ukipanda milima, vilele vyake vyapita mita 1,500. Kanuni inayojulikana ni kwamba kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 za Sentigredi. Kwa hiyo mtu wa Pemba akifika huko mwezi wa Juni au Julai atatafuta blanketi. Mvua zao ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hata Aprili hivi. Hawana masika na vuli kama sisi.

Wamatengo ni wakulima hodari wa kahawa, mahindi na maharage, na wanasifika kwa ngoro. Katika kilimo hicho majani hulazwa mlimani kwa mistari inayokatana, udongo ukafunikwa juu yake, na katikati yakabaki mashimo ya kushika maji yasichukue ardhi. Mtu anayekaa na wajuzi kama hao hana haja ya kufundishwa namna ya kutunza udongo. Haja yake ni mbegu, na kujua tabia ya mti.

Mkindu

Mti wa kwanza ni mkindu. Huu kila nyumba ya kwetu yaujua, kwa sababu ukindu wake ndio unaosukwa ukili, na ukili ndio unaoshonwa mikeka. Wasiwachanganye wanaosema kila mkeka ni mmoja: jamvi la kuanikia karafuu ni la miaa, nayo miaa hutoka katika mkoma.

Wengi hudhani mkindu ni mti wa pwani tu. Sivyo. Bara huota porini kandokando ya mito na mabondeni, na hupanda hata nchi za milima yenye baridi. Hata baridi ya kugandisha maji kidogo mkindu mkubwa huistahimili. Basi kwa Maguu mkindu ndio mti wa kutegemea, wala hapana haja ya kupeleka mbegu kutoka kisiwani: na atafute mabondeni karibu naye, achukue mbegu za miti iliyokwisha zoea hewa ya huko.

Mambo mawili ayajue. La kwanza, mkindu una dume na jike, na hapana awezaye kuzitambua mbegu. Mpaka mti utoe maua ndipo utakapojulikana. Mwenye kutaka tunda apande mitano au sita. La pili, mkindu na mtende ni ndugu na huchanganya damu. Ukiokota mbegu chini ya mkindu ulio jirani na mtende, huenda ukapata mti wa kati, na ukindu wake usiwe ule uutakao.

Mpapindi

Mti wa pili ni mpapindi. Aliyepita msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa, ameuona: shina jembamba la kijivu lenye mapete kama muwa, mara nyingi mashina kadhaa pamoja, makuti yaliyopinda vizuri, na vitunda vyekundu vidogo. Wataalamu wa mimea waliupa jina la kisiwa chetu mwaka 1962, wakauita Chrysalidocarpus pembanus. Katika mwaka 1995 ukaingizwa katika ukoo wa Dypsis, na mwaka 2022 ukarudishiwa jina lake la kwanza. Ndugu zake wengi wako Bukini, na wengine visiwa vya Ngazija. Kwetu umebaki peke yake.

Zamani sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu. Mikarafuu ililetwa katika visiwa hivi mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na baada ya tufani ya mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba biashara hiyo. Misitu ikafyekwa ili karafuu ipate nafasi. Babu zetu walitafuta riziki ya halali, na sisi twaila mpaka leo. Lakini mti usio na kwao kwingine, kwao kukipunguzwa, nao hupungua. Sisi wenye mashamba ya karafuu ndio wenye ardhi ambayo mpapindi ungeweza kurudishiwa, japo miti miwili penye ua wa nyumba.

Je, utaota Maguu? Wapenda bustani wa Florida, na hata wa pwani ya kusini ya California, wamekuwa wakiupanda, na huko kuna miezi ya baridi kuliko yoyote tuijuayo Pemba. Kwa hiyo si mti dhaifu. Lakini tusimwahidi ndugu yetu jambo tusilolijaribu. Na aupande kwa kujaribu, mahali palipokingwa na upepo, na mkindu uwe ndio tegemeo lake.

Kuchagua na kusafisha mbegu

Mkulima wa karafuu ajua kwamba mbegu ya mkarafuu haiwekwi, ikikauka imekufa. Mbegu ya mpapindi nayo iwe mbichi vivyo hivyo. Chukua tunda lililoiva likawa jekundu, si la kijani. Lioshe mpaka nyama yake yote itoke, kwa sababu nyama hiyo huoza na kuleta ukungu na chungu. Iroweke mbegu kwa siku moja au mbili, ukibadilisha maji kila siku. Mbegu ya mkindu ni ngumu kama kokwa ya tende ndogo, nayo huvumilia zaidi, lakini iliyo mpya ndiyo bora.

Ikiwa mbegu zitasafiri, zisianikwe juani. Zifungwe ndani ya makumbi ya nazi yaliyosagwa na yenye unyevu kidogo, zipelekwe upesi. Na kabla ya kuvusha mbegu au mche wowote, muulize bwana shamba juu ya kanuni za karantini, ili tusipeleke maradhi pamoja na zawadi.

Kuotesha

Changanya mchanga na makumbi yaliyosagwa, au mchanga na mboji iliyooza sawasawa. Samadi mbichi usitie. Fukia mbegu kidogo tu, kiasi cha unene wake. Weka kivulini, nyunyizia maji pawe na unyevu wala pasiwe matope.

Mpapindi hutoa chipukizi ubavuni mwa mbegu, na jani lake la kwanza limepasuka mara mbili kama mkia wa mbayuwayu. Mkindu hufanya mambo mengine: hushusha mzizi chini kwanza, kisha jani huibuka pembeni, mbali kidogo na mbegu. Kwa hiyo mkindu wataka kopo au mfuko mrefu. Tena jani lake la kwanza ni jembamba kama la nyasi, na watoto wakipalilia huling'oa. Weka alama.

Subira yahitajika. Mbegu za miti hii huchukua mwezi mmoja mpaka mitatu, na nyingine zaidi. Usizifukue kila wiki kutazama.

Habari ya baridi

Mbegu za jamii hii huota vizuri katika joto la nyuzi 25 mpaka 35. Pemba yafaa kupanda masika yanapoanza, au vuli. Maguu afadhali kupanda Novemba au Desemba, kabisa asipande Juni. Kopo likae karibu na ukuta wa jikoni unaopata joto la moto, na usiku lifunikwe.

Kinachoua mche milimani mara nyingi ni baridi na maji kwa pamoja. Miti hii ina moyo mmoja juu ya kila shina. Mkarafuu ukikatwa tawi hutoa jingine, lakini shina la mpapindi likioza moyo halina dawa. Basi miezi ya baridi maji yapunguzwe, yasimwagwe moyoni mwa mche, na misimu miwili ya kwanza mche ujengewe kibanda cha majani ya mgomba. Ukitimiza majani manne au matano, uhamishwe pamoja na udongo wake bila kuivunja mizizi. Wakati wa kuchuma ukindu, kila shina liachiwe majani machanga ya kutosha. Anayekata yote huua mkindu.

Tunaloomba

Ngezi ni msitu wa hifadhi, na kutoa mbegu au miche humo bila ruhusa ya Idara ya Misitu ni kosa. Mwanachama mwenye mpapindi uani kwake, na aokote matunda yake yanapoiva, aoteshe, na miche inayozidi agawie jirani. Mti huu hauna shida ya dume na jike, kwa kuwa maua yote mawili yako pamoja. Hata mmoja peke yake huzaa. Wenye miche ya kugawa na wenye kuitaka waandikishe majina yao ofisini, tuwakutanishe.

Mpapindi hautatulipa kama karafuu, wala hatumdanganyi mtu. Lakini yale tuliyofunzwa chuoni juu ya mtu aliyeshika mche wa mtende mkononi, kila mmoja wetu anayakumbuka. Mche huu ni wa kwetu, na mikono ni yetu.

Wassalaam,
Katibu wa Chama