Je, Wajua? Koo Moja, Sauti Mbili

Safari hii tunaingia ndani ya koo la binadamu. Tutaona jinsi mtu mmoja anavyoimba sauti mbili kwa pumzi moja, kisha turudi nyuma mamilioni ya miaka kutafuta sauti yenyewe ilikoanzia. Mwishoni utajaribu mwenyewe, kwa hiyo usiharakishe kufunga ukurasa.

SAUTI ILIYOMO NDANI YA SAUTI

Je, wajua kwamba hakuna mtu anayetoa sauti moja tupu? Vuta "aaa" ndefu. Nyuzi zako za sauti zikitetema mara 100 kwa sekunde, papo hapo huzaa pia mitetemo ya 200, 300, 400 na kuendelea. Hizo za juu huitwa harmoniki. Masikio huzipokea zote kwa pamoja, nasi tukadhani tumesikia moja.

Je, wajua kwamba irabu hutofautiana kwa harmoniki hizo? Imba "u", kisha "i", bila kupandisha wala kushusha sauti. Mtetemo wa nyuzi haujabadilika. Kilichobadilika ni umbo la kinywa: ulimi na midomo vimekuza baadhi ya harmoniki na kufifisha nyingine. Kila asemaye Kiswahili hufanya kazi hii kutwa nzima bila kuiwazia.

Je, wajua kwamba mwimbaji wa koo, yule wa sauti mbili, haongezi chochote juu ya hapo? Anateua harmoniki moja na kuikuza mpaka isikike peke yake, kama mbinja nyembamba juu ya sauti nzito ya chini. Mwaka 2020 jarida la eLife lilichapisha utafiti juu ya waimbaji wa Tuva uliotumia pia picha za MRI. Ulionyesha kwamba waimbaji hao hubana njia ya sauti kinywani na kooni mpaka milio miwili ya mwangwi inaungana, na nguvu yote inakusanyika kati ya mitetemo 1,500 na 2,000 kwa sekunde. Mwenye sauti ya chini ya 150, harmoniki yake ya 12 ni 1,800. Inaangukia hapo hapo.

KWA WACHUNGAJI WA TUVA

Je, wajua Tuva iko wapi? Ni jamhuri ndani ya Urusi, kusini mwa Siberia, mpakani na Mongolia. Mji wake mkuu ni Kyzyl. Ni nchi ya milima, mito na mbuga za malisho, na uimbaji wake ulikulia kwa wachungaji wa farasi na kondoo.

Je, wajua kwamba uimbaji huo una mitindo yenye majina? Khöömei ni wa katikati, wenye ulaini. Sygyt ndio wenye mbinja kali. Kargyraa ni wa kuunguruma. Ezengileer hufuata mwendo wa mpanda farasi, miguu yake ikiwa kwenye vikuku vya tandiko.

Je, wajua kwamba ngurumo ya kargyraa inatoka kwenye mikunjo miwili tusiyoitumia tunapozungumza? Mikunjo hiyo iko juu kidogo ya nyuzi za sauti. Mwimbaji akiisogeza karibu, hutetema mara moja kila nyuzi zinapotetema mara mbili. Sauti husikika imeshuka oktava nzima.

Je, wajua kwamba Watuva huruka harmoniki mbili? Wakipanda ngazi ya harmoniki wanatumia sana ya 6, 8, 9, 10 na 12. Ya 7 na ya 11 wanazipita, kwa kuwa haziingii katika ngazi yao ya sauti tano.

Je, wajua kwamba mwimbaji huko hujibu mahali alipo? Katika imani ya kale ya Watuva, mto na mlima vina roho zake, na roho hizo hujitambulisha kwa sauti. Mchungaji akiiga maji yanayopita mawe, upepo au mnyama, anazungumza na mwenyeji wa pale.

Je, wajua kwamba wanawake walikatazwa? Ilisemekana uimbaji huo ungewadhuru katika uzazi. Mwaka 1998 Choduraa Tumat aliunda Tyva Kyzy, kundi la wanawake pekee, nao wakapanda majukwaani kuimba mitindo ile ile ya wanaume.

DUNIANI KWINGINE

Je, wajua kwamba UNESCO iliuandikisha uimbaji wa koo wa Mongolia katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010? Mwaka mmoja kabla, China ilikuwa imeandikisha uimbaji huo kwa niaba ya Wamongolia walio ndani ya mipaka yake.

Je, wajua kwamba watawa wa Tibet nao wana uimbaji wao? Mwaka 1964 msomi wa dini Huston Smith aliwarekodi watawa wa Gyuto wakisali kwa sauti nzito sana, na kila mmoja alisikika kama watu kadhaa. Mwaka 1967 yeye na wanasayansi wawili walichapisha maelezo ya jinsi jambo hilo linavyotokea.

Je, wajua kwamba wachungaji wa Sardinia, kisiwa cha Italia, huimba wanne wanne? Wawili kati yao, bassu na contra, hutoa sauti ya kooni inayokwaruza, nao wenzao wawili huimba kwa koo la kawaida.

Je, wajua kwamba si kila uimbaji wa koo ni wa harmoniki? Wanawake wa Inuit huko Kanada husimama uso kwa uso na kupokezana pumzi na milio kwa kasi. Huo ni mchezo, na anayekatika pumzi au kuangua kicheko ameshindwa.

HAPA AFRIKA

Je, wajua kwamba mabingwa wa Afrika Kusini ni wanawake? Waxhosa wa Rasi ya Mashariki wana uimbaji wa koo uitwao umngqokolo. Mtafiti Dave Dargie aliurekodi karibu na mji wa Lady Frere kuanzia mwaka 1980. Wanawake hao hawakujifunza kutoka Asia. Masikio yao yalizoea harmoniki kupitia umrhubhe, upinde wa muziki unaopigwa ukiwa mdomoni.

Je, wajua kwamba kuna mtindo wa umngqokolo unaohusishwa na mdudu? Wavulana wa Kixhosa walikuwa na mchezo wa kumchoma mbawakawa kwa mwiba na kumsogeza mdomoni akivuma. Kwa kufungua na kufumba kinywa walichagua harmoniki katika uvumi ule. Mwimbaji Nowayilethi Mbizweni alieleza kwamba mtindo wake ulitokana na mchezo huo.

Je, wajua kwamba Wagogo wa Dodoma wamejenga muziki wao juu ya harmoniki? Wataalamu, akiwemo Gerhard Kubik, wameeleza kuwa ngazi yao ya sauti inafuata harmoniki za asili. Ndiyo maana kwaya ya Wagogo ikianza, hata mgeni asiyejua neno la Kigogo hutambua kuwa sauti zile zinashikana kwa namna ya pekee.

Je, wajua kwamba ilimba, ala ya muziki ya Kigogo, ina vijiti vya chuma ambavyo havipigwi? Hutetema vyenyewe jirani zao wanapoguswa, na hivyo kuongeza mvumo. Hukwe Zawose, aliyezaliwa mkoani Dodoma mwaka 1938 na kufariki Bagamoyo mwaka 2003, aliibeba ilimba na zeze hadi majukwaa ya dunia. Koo lake lilishuka chini kabisa na kupanda juu kabisa ndani ya wimbo mmoja. Kwangu mimi, Tanzania bado haijalilipa koo lile heshima linayostahili.

ALIYEJIFUNZA KWA REDIO

Je, wajua kwamba mmoja wa wanafunzi mashuhuri wa sanaa hii hakuwa na mwalimu? Paul Pena alikuwa mwanamuziki wa bluzi nchini Marekani, kipofu, mwenye asili ya Cape Verde. Usiku mmoja wa mwaka 1984, akizungusha redio ya masafa mafupi, alinasa Radio Moscow na sauti asiyoielewa. Alihangaika miaka hadi akapata rekodi za Tuva, akazisikiliza na kuziiga mpaka koo likatii. Lugha ya Kituva aliisoma kwa kupitia Kirusi, neno baada ya neno.

Je, wajua kilichofuata? Mwaka 1995 alisafiri hadi Kyzyl, mwenyeji wake akiwa mwimbaji Kongar-ol Ondar, akashinda shindano upande wa kargyraa. Filamu ya safari hiyo, Genghis Blues, ilitoka mwaka 1999 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Pena alifariki mwaka 2005. Nikiulizwa kama mtu wa nje anaweza kujifunza, namtaja yeye kwanza.

SAUTI ILIKOTOKA

Je, wajua kwamba zoloto, yaani sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti, halikuanza kwa ajili ya kusema? Kazi yake ya kwanza ni kulinda mapafu. Mtazame kamongo wa Ziwa Victoria, samaki mwenye mapafu: mlangoni mwa njia yake ya hewa kuna msuli unaofunga ili maji yasiingie. Zoloto la binadamu lingali na kazi hiyo kila unapomeza tonge. Hujifunga pia unapojikaza kunyanyua gunia, na ndiyo sababu huwezi kuimba huku umejikaza hivyo.

Je, wajua kwamba kuwasiliana kwa sauti huenda kuna umri wa miaka milioni 407? Mwaka 2022 watafiti waliorekodi spishi 53 zilizodhaniwa kuwa bubu, nyingi zikiwa za kobe na kasa, pamoja na samaki mwenye mapafu wa Amerika ya Kusini, walizisikia zote zikitoa sauti. Walihitimisha kuwa chimbuko ni moja.

Je, wajua kwamba shingo ya twiga ina ushahidi wa safari hiyo? Mshipa wa fahamu unaoongoza zoloto hutoka kwenye ubongo, hushuka hadi kifuani, huzunguka mshipa mkuu wa damu, kisha hupanda tena kooni. Katika samaki wa kale njia hiyo ilikuwa fupi. Shingo ilipozidi kurefuka, mshipa ulivutwa nayo. Kwa twiga ni mzunguko wa mita kadhaa. Nasi tunao wetu, mfupi zaidi.

Je, wajua kwamba Ethiopia imehifadhi mfupa wa koo wa mtoto aliyeishi miaka milioni 3.3 iliyopita? Mabaki yake yalipatikana Dikika mwaka 2000 na timu ya Zeresenay Alemseged, akapewa jina Selam. Mfupa wake wa hioidi, ule unaoshikilia ulimi, unafanana na wa sokwe. Hioidi ya Neanderthal, binadamu wa kale aliyeishi miaka 60,000 hivi iliyopita, iliyopatikana pango la Kebara, Israeli, mwaka 1983 inafanana na yetu.

Je, wajua kwamba tulipata sauti yetu kwa kupoteza kitu? Nyani na sokwe wana utando mwembamba juu ya nyuzi za sauti, na huo huwafanya wapige kelele kali zinazokatika ovyo. Utafiti wa mwaka 2022 uliochunguza zaidi ya spishi 40 za jamii hiyo ulionyesha kuwa binadamu peke yake hana utando huo. Sauti yetu ikatulia, na sauti isiyotulia haiwezi kubeba maneno wala wimbo wa harmoniki.

Je, wajua kwamba zoloto la mtoto mchanga liko juu kuliko letu? Ndiyo maana ananyonya huku akipumua. Linashuka katika miaka ya kwanza, na ulimi unapata nafasi ya kuumba irabu zote.

Je, wajua aliyekuwa wa kwanza kuchunguza nyuzi za sauti zikifanya kazi ndani ya koo hai? Alikuwa mwalimu wa kuimba, Manuel García. Mwaka 1854 alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua kuchungulia koo lake mwenyewe. Madaktari walijifunza kwake.

JARIBU MWENYEWE

Je, wajua kwamba msemaji wa Kiswahili anaanza na mtaji? Walimu wa uimbaji huu hutumia sana mlio wa "ng'", ule wa ng'ombe, ambao wanafunzi wa lugha nyingine huhangaika nao. Shika sauti moja ya chini, isiyokuchosha. Anza na "ng'", achia taratibu uingie "u", kisha telezea polepole sana kuelekea "i", ulimi ukipanda karibu na kaakaa. Midomo iwe midogo. Sauti ya chini isisogee hata kidogo.

Je, wajua kwamba bafu lenye vigae husaidia? Kuta ngumu hurudisha sauti, na harmoniki husikika kwa urahisi. Kiganja nyuma ya sikio nacho husaidia. Kazi kubwa ya mwanzo ni kusikiliza: mbinja huwa ipo kabla sikio halijaitambua.

Je, wajua wakati wa kuacha? Koo likiwasha au kuuma, nyamaza, kunywa maji, pumzika. Kargyraa hasa haitaki nguvu. Ukikwaruza kila siku kwa kulazimisha, utaumiza nyuzi ulizokusudia kuzifunza.

Je, wajua kwamba somo hili halihitaji maabara? Mwanafunzi wa sekondari hukaririshwa mawimbi, masafa na mwangwi akitazama michoro ubaoni, ilhali vyote vitatu viko kooni mwake. Mwalimu wa fizikia na wa muziki wakiingia darasa moja kwa kipindi kimoja, wakaimba "u" hadi "i" na watoto arobaini, kisha wakawasikilizisha rekodi ya Wagogo, watakuwa wamefundisha sayansi na urithi kwa mara moja. Naomba walimu wasomao safu hii wajaribu muhula huu.