Mzee Asahauye Njia ya Kwake

Mzee wa Msimbu asahauye njia ya kwake hakurogwa, wala si mwehu. Ni mgonjwa wa ubongo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka jamaa wamtunze kwanza. Makazi ya Serikali, kama yale ya Nunge, Kigamboni, ni kimbilio la mwisho.

Basi mwana alazimikaye kumpeleka mzazi katika makao yo yote, twamwambia: usitazame rangi ya kuta. Uliza, usiku nani hukesha? Mhudumu mmoja hutunza wazee wangapi? Huwaita kwa majina yao? Huwalisha kwa subira? Usipojibiwa, rudi naye nyumbani.

Nasi majirani tushike zamu, kwani mlezi naye huchoka.