KIKULACHO KI KIFUANI MWAKO

Ni jambo la kawaida katika mitaa yetu. Jioni imeingia, baba amerejea kutoka kazini, ameketi barazani na kumwita mwanawe: "Hebu kimbia dukani ukaniletee sigara mbili." Mtoto huenda mbio na kurudi mbio. Baba huwasha, huvuta, kisha hukohoa kwa muda mrefu hata mama akachungulia mlangoni. "Msijali," husema, "hiki ni kikohozi cha sigara tu."

Neno hilo "tu" ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Miaka kadhaa baadaye baba huyohuyo hupanda ngazi kwa kupumzika mara mbili. Baadaye tena hawezi kuinama na kufunga kamba za viatu bila ya kuhema. Hapo ndipo jamaa zake hushtuka, ilhali ugonjwa umekwisha kujenga makao siku nyingi. Madaktari huuita ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Ndani yake mna maradhi mawili yaendayo pamoja: bronkaitisi sugu, yenye makohozi yasiyokwisha, na emfisema, yaani kubomoka kwa vifuko vya hewa vya mapafu. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani katika mwaka 2021.

Wengi wetu hudhani kwamba moshi huharibu mapafu kama masizi yanavyochafua sufuria. Lau ingekuwa hivyo tu, pengine mapafu yangesafishika. Lakini sehemu kubwa ya ubomoaji huo haifanywi na moshi wenyewe. Hufanywa na walinzi wa mwili wa mvutaji.

WALINZI WALIOMO NDANI

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa kwa mamia ya mamilioni, kila kimoja kikiwa kidogo mno. Kuta zake ni nyembamba, na zina nyuzi zinazonyumbuka kama mpira, ziitwazo elastini. Nyuzi hizi ndizo zinazoyawezesha mapafu kutanuka na kurudi, na ndizo zinazozishika njia ndogo za hewa zisifumbe.

Kwa kuwa kila pumzi huleta vumbi na vijidudu, mwili umeweka ulinzi. Katika njia za hewa mna vinyweleo vidogo ambavyo husukuma uchafu kuelekea kooni. Ndani ya vifuko mna chembe za kinga ziitwazo makrofaji, ambazo humeza kila kigeni kilichopenya. Katika mapafu yenye afya chembe hizi hufanya kazi yake kimya kimya, wala mwenyewe hana habari.

Moshi wa sigara huvilemaza vinyweleo, na makohozi hubaki chini. Nazo makrofaji huongezeka mara nyingi kuliko kawaida, zikajaa uchafu wa rangi ya kahawia. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mapafu ya vijana waliokufa ghafla nje ya hospitali. Katika mapafu ya wale waliokuwa wakivuta sigara, chembe hizo za kahawia zilikuwa zimekwisha kurundikana katika njia ndogo za hewa. Hawa walikuwa vijana, si wazee. Ni dhahiri basi kwamba vita huanza mapema, kabla ya mtu kuhisi lolote.

MSAADA UNAPOGEUKA MADHARA

Makrofaji zikizidiwa hutoa ishara za kemikali kuomba msaada. Chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili huitikia wito, zikitoka katika damu na kuingia mapafuni kwa wingi. Hali hii ndiyo iitwayo mchochota. Ukijikata kidole kikavimba na kuwa chekundu, huo ni mchochota wa siku chache, nao una manufaa. Lakini kwa mtu avutaye kila siku wito haukomi, na askari hawarudi kambini.

Silaha ya nyutrofili ni vimeng'enya vikali. Kimoja chao huitwa elastasi, na kazi yake ni kumeng'enya elastini. Kwa desturi ini hutengeneza protini iitwayo alfa-1 antitripsini, ambayo husafiri katika damu hadi mapafuni na kukizuia kimeng'enya hicho kisile nyama ya mwili wenyewe.

Siri hii ilianza kufichuka mwaka 1963 katika mji wa Malmö, nchini Sweden. Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson waligundua watu 5 ambao damu yao ilikuwa na upungufu mkubwa wa protini hiyo. Watatu kati yao walikuwa na ugonjwa wa mapafu. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, watafiti wa Marekani waliwatia panya mapafuni kimeng'enya kiitwacho papaini, nao panya wakapata emfisema. Papaini hutoka katika utomvu wa papai. Kila mama aliyewahi kulainisha nyama ngumu kwa papai bichi anajua nguvu yake.

Watu waliozaliwa na upungufu huo ni wachache. Lakini kemikali zilizomo katika moshi wa sigara huidhoofisha protini hiyo hata kwa mtu aliyezaliwa nayo kamili. Hivyo sigara hufanya mambo mawili kwa mpigo: huwaita askari wenye silaha kali, kisha humfunga mikono yule ambaye angewazuia. Kuta za vifuko hulika kidogo kidogo. Vifuko vingi vidogo huungana vikawa mapango makubwa yasiyofaa kupitishia hewa safi kwenda katika damu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa ki kifuani.

JE, HAKUNA DAWA?

Msomaji atauliza kwa nini madaktari wasiwazime tu askari hao. Shida ni kwamba tunawahitaji. Ndio watulindao dhidi ya nimonia na kifua kikuu, na mvutaji sigara tayari yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Tena, dawa za kuvuta ambazo hutuliza vizuri mchochota wa pumu aghalabu hazina nguvu ileile juu ya mchochota huu. Dawa zipo za kutanua njia za hewa na kumpa mgonjwa nafuu, nazo zisidharauliwe. Lakini ukuta wa kifuko uliokwisha bomoka, hakuna dawa iujengayo upya.

Wala haifai kuficha kwamba kwa mtu aliyekwisha ugua, mchochota waweza kuendelea miaka mingi hata baada ya kuacha sigara. Je, kuacha basi kuna faida gani? Jibu lilipatikana katika utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1986 nchini Marekani na Kanada, kwa wavutaji 5,887 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga. Walipimwa kiasi cha hewa ambacho mtu aweza kupuliza nje katika sekunde moja. Baada ya miaka 11, wanaume walioendelea kuvuta walikuwa wakipoteza wastani wa mililita 66 kila mwaka. Walioacha walipoteza 30. Kwa wanawake ilikuwa 54 kwa wale waliovuta, na 22 kwa walioacha.

Mililita 66 ni kama kikombe kidogo cha kahawa ya barazani. Kila mwaka mvutaji humwaga kikombe kimoja cha pumzi yake, na kilichomwagika hakizoleki. Aachaye hupunguza hasara hiyo kwa zaidi ya nusu, akakaribia upungufu wa kawaida uletwao na umri. Tofauti hiyo ndiyo impayo mtu uwezo wa kutembea hadi sokoni kwa miguu yake wakati wa uzee.

Yupo atakayesema kwamba babu yake alivuta hadi uzeeni bila ya kuugua. Ni kweli, si kila avutaye hupata ugonjwa huu. Lakini hakuna alama ya wazi usoni ya kuonyesha nani atasalimika, na ajaribuye bahati hiyo hajaribu peke yake. Moshi wake huingia pia katika mapafu machanga ya watoto walalao chumba kimoja naye, juu ya moshi wa kuni na mkaa ambao nao huleta ugonjwa huu.

Kikohozi kisichokwisha, makohozi ya kila asubuhi, kuhema kwa kazi ndogo: hizi ni dalili za kumpeleka mtu kwa daktari akapimwe, si za kuzichekea. Na jioni ya leo, baba akimwita mtoto barazani, na amtume kwa jambo jingine.